Malalamiko Kuhusu Shamba Langu Linalokunywa Hewa

Menno Ratzlaff,
Barabara ya Kaskazini, Kijito Kikavu,
Kansas Magharibi.
Jumatatu, 20 Julai

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Maji ya Ardhini,
Wilaya ya Kijito Kikavu.

Ndugu Haverkamp,

YAH: SHAMBA LANGU LA MAHINDI KUGEUKA ZIWA BILA MIMI KUARIFIWA

Nakuita Ndugu kwa sababu mbili. Kwanza, kanisani unakaa benchi la mbele yangu, na kisogo chako nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu mwenyewe. Pili, majina mengine niliyokuwa nimekuandalia, mke wangu Lavina amenikataza kuyaandika kwenye karatasi zake nzuri za barua.

Ningekupigia simu, lakini simu ya ofisi yako hupokelewa na sauti ya mama mmoja asiyekuwepo, anayenitaka nibonyeze moja kama nina kisima na mbili kama sina. Nilibonyeza moja, akanishukuru. Nikabonyeza mbili, maana kisima chenye kufuli si kisima, akanishukuru vilevile. Mama mpole sana. Ndiyo maana nimeona niandike.

Awali ya yote napenda kutoa shukrani zangu kwa kufuli ulilotufungia kwenye vali ya pampu. Ni kufuli zuri, jekundu, linaonekana hata na wapita njia. Leo ni siku yake ya tisa. Lile bomba langu refu la magurudumu, ambalo kazi yake ni kuzunguka shamba likinyunyiza maji, limesimama palepale lilipokuwa siku ile, na njiwa wameshaanza kulijengea. Nisingependa uonekane mtu asiyeshukuriwa, kwa hiyo naanza na hilo kabla sijaingia kwenye malalamiko, ambayo ni haya yafuatayo.

1. Kwamba shamba langu linakunywa hewa.

Mwezi uliopita mtaalamu wako, Bi. Nuss, alikuja na gari jeupe akasimika mnara wa chuma katikati ya mahindi yetu. Sikukataa. Alitueleza vizuri kabisa, mimi na binti yangu Twila, na nitayarudia maneno yake ili asije mtu akasema mkulima hakuelewa. Mnara una mikono miwili: mmoja uko juu kidogo ya mahindi, mwingine futi nne juu ya huo. Kila mkono unapima joto la hewa na unyevu wake. Shamba, alisema, hutoka jasho kama mtu. Jua likipiga, maji hupanda kutoka kwenye majani kwenda hewani, na yakipanda hubeba joto. Kwa hiyo hewa ya chini ikiwa na unyevu kuliko ya juu, maji yanapanda, shamba linapoteza. Hewa ya juu ikiwa na unyevu kuliko ya chini, basi maji yanashuka, shamba linapata, kama umande wa alfajiri. Hesabu zinajipeleka zenyewe ofisini kwako, nanyi mnajua shamba lina kiu au limeshiba. Nikasema, haya, elimu ni bahari.

Sasa imekuja ripoti yako. Inasema kwamba kila siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, maji shambani kwangu yanashuka. Umande, Ndugu Haverkamp! Saa saba mchana, mwezi wa saba, siku ambayo joto lilifika digrii mia na sita za Farenhaiti na kuku wa Lavina walikuwa wanahema midomo wazi chini ya trekta. Twila aliisoma kwa sauti wakati wa chakula, na Lavina akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi sikucheka, kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikuwa unahusu kufuli.

2. Kwamba mahindi hayakupelekewa nakala ya ripoti.

Laiti yangepelekewa, yangejua kuwa yameshiba. Kwa sasa hayajui. Saa nne asubuhi majani yanaanza kujikunja, saa sita yamekuwa membamba kama sigara. Udongo nao ni mbishi. Nikichimba kwa ule msumari mrefu wa chuma, nikachukua wa futi moja chini, nikaufinya mkononi, hausimami donge. Unapukutika kati ya vidole. Baba yangu alimwagilia kwa kufinya udongo, na babu kabla yake. Bi. Nuss aliuita utaratibu huo "makadirio ya mkono", akatabasamu. Tabasamu lake ni zuri, silaumu.

Nina kipimo kingine ambacho sikumwonyesha, na nakitaja hapa ili kiingie kwenye kumbukumbu za serikali. Ni mtungi wa babu, wa udongo, uliovikwa gunia na kushonewa. Ndio ninaonywea maji shambani. Kila siku saa tano nalilowesha gunia hilo mpaka linatiririka, kisha naupandisha mtungi juu, penye upepo. Nyinyi wa ofisini mnadhani mtungi hupozwa na kivuli. Mtungi hupozwa na upepo, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo maji yanavyokuwa baridi. Ikifika saa nane gunia limekauka kau. Nalilowesha tena, na saa kumi limekauka tena. Maji hayo yamekwenda wapi? Hewani. Tangu babu aushone, gunia hilo halijawahi hata siku moja kunywa hewa likazidi kulowa. Kipimo hicho hakina betri, hakina mtandao, na hakijawahi kumfungia mtu kufuli.

3. Kwamba kosa si letu, na hakuna aliyeugusa mnara.

Nalisema hili mapema kwa sababu najua maofisa. Kwenye mguu wa mnara mmebandika karatasi: USIGUSE CHOMBO. Sisi ni watu wa kutii. Hakuna mkono wa Ratzlaff uliogusa chombo hicho tangu kilipofungwa, na niko tayari kulisimamia hilo mbele ya kanisa zima. Ile kamba na kapi ambavyo Bi. Nuss aliviacha kwa ajili ya kupandishia vyombo vyake, hivyo si chombo, ni kamba na kapi. Wiki mbili zilizopita Twila, ambaye amesomea udongo chuoni miaka minne na anajua kusoma hizo tarakimu, aliniambia, "Baba, mkono wa juu unasoma baridi mno. Niache nipande nikatazame." Nikamwambia karatasi imesema usiguse, na shamba hili mwenye kauli bado ni mimi. Hakubishana. Kwa hiyo kama kuna kasoro, itafuteni huko huko ofisini kwenu. Wala hamwezi kusingizia kivuli cha mti au cha nyumba, maana kwa maili tatu kila upande hakuna kitu kirefu kuliko huo mnara wenu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nakuomba ujikague nguo.

4. Kwamba nimepoteza kidole cha Orval Jantz.

Hapa naomba usome polepole. Ofisi yako, kwa hekima yake, iliamua mnara mmoja utoshe barabara nzima. Shamba langu likisema limeshiba, visima vyote sita vinafungwa. Kwa hiyo mahindi yangu yakinywa umande wa saa saba, Orval Jantz, jirani yangu wa tangu tukiwa watoto, naye analazwa na kiu.

Unaijua ile meza ya kahawa pale ghala la nafaka, saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na kikombe chake cha bati msumarini. Nilipoingia Alhamisi, Orval alisema bila kugeuka, "Karibuni ziwani! Menno, kesho niletee ndoo mbili za hewa ya kwako, nikanyweshe ng'ombe." Meza nzima ikaangua kicheko. Nikacheka na mimi, nifanyeje? Mwingine akauliza kama samaki wameshaanza kutaga. Nikavumilia. Lakini nilipokuwa nasuuza kikombe Orval akasogea karibu akasema kwa sauti ya chini, na hapo hakuwa anatania: "Nina ekari mia ambazo zinakufa kwa sababu ya shamba lako, Menno. Fanya jambo."

Na unajua wewe mwenyewe kwamba barabarani kwetu dereva akikutana na mwenziwe hunyanyua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Tunamnyanyulia kila mtu, hata muuza dawa za magugu, hata wewe. Orval amenipita mara nne tangu Alhamisi, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimeshika usukani. Nimeishi miaka sitini na tatu kwenye barabara hii na sijawahi kuona hivyo.

5. Kwamba mahindi haya ni ya Twila.

Twila alikuwa na kazi nzuri Wichita, yenye dirisha na kiyoyozi. Aliiacha, akarudi nyumbani, akasema anataka kujaribu msimu mmoja aone kama shamba hili litamweka. Ekari hizi mia na thelathini alizipanda yeye mwenyewe, mstari kwa mstari. Wiki hii mbelewele zimetoka na ndevu zinaanza kuchungulia. Hata mtu wa ofisini anajua maana yake: mahindi yasipopata maji wakati wa ndevu, utavuna magunzi. Ukiyapa maji wiki moja baadaye unakuwa unaosha maiti. Nilimwambia maji yatakuja. Juzi nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa shamba, ameshika jani lililojikunja, analinyoosha kwa vidole, nalo linajikunja tena. Iliniuma, nakwambia ukweli.

6. Madai.

Iwapo ofisi yako inaendelea kuamini ripoti yake, basi haki ifuate mkondo, nami nadai:

(a) Shamba langu liandikishwe kwenye ramani kama ziwa, na nipewe leseni ya kuvua.

(b) Mlete mwokoaji wa waogeleaji, mwenye filimbi.

(c) Kwa kuwa ripoti inasema pia kwamba shamba linapokea maji huku likitupa joto lake lote mbinguni, ambayo ndiyo kazi ya jokofu, kina mama wa kanisa waruhusiwe kuhifadhi saladi zao za viazi kati ya mistari ya mahindi mpaka siku ya mandari.

(d) Mchungaji asitishe maombi ya mvua ya kila Jumatano. Ni utovu wa adabu kumwomba Mungu kitu ambacho wilaya imeshakitoa. Mahali pake isomwe ripoti yako, na kusanyiko liitikie Amina kila palipo na desimali.

(e) Wewe mwenyewe, pamoja na bodi yako yote, mje saa saba mchana siku yoyote, mvae nguo za kuogelea, mjitupe. Sisi tutasimama kando na taulo.

(f) Au, kama hayo yote yanaonekana ni mzigo kwa ofisi, mtu mmoja aje na ufunguo kabla ya Ijumaa jioni. Ijumaa hii, si nyingine. Baada ya Ijumaa unaweza kubaki na kufuli lako, na mahindi pia.

Sina la ziada ila heshima yangu kwa kazi ngumu unayoifanya kwenye kile chumba chenye kiyoyozi. Nisalimie mkeo Irma, na umwambie achari yake ya matikiti bado inasifiwa humu ndani. Wasalimie wajumbe wote wa bodi, msalimie Bi. Nuss na tabasamu lake, mmoja mmoja, asisahaulike hata yule mama wa kwenye simu. Lavina anakusalimu sana, ingawa yeye hajaisoma barua hii. Twila anakusalimu pia.

Ni mimi, mmiliki wa ziwa,
Menno Ratzlaff

Tanbihi. Jumanne asubuhi.

Lavina ameisoma.

Ilikuwa mezani, tunakula tikiti na maandazi ya kukaanga, bahasha imeshafungwa na stempu iko mahali pake. Alisema hatoi karatasi zake bila kujua zinakwenda kusema nini, akaifungua kwa kisu. Alisoma yote. Palipohusu mwokoaji wa waogeleaji alicheka, nami nikavimba kichwa. Kisha akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma kitu mara mbili, akanitazama juu ya miwani. Akauliza swali moja tu. "Menno, huo mtungi unautundika wapi?"

Ndugu Haverkamp, nilinyoosha kidole dirishani kuelekea shambani, na kidole kikaishia kwenye mnara. Twila aliweka uma wake chini.

Naupandisha kwa ile kamba na kapi, mpaka kwenye mkono wa juu wa mnara. Nimefanya hivyo tangu siku ya pili baada ya kusimikwa, kwa sababu pale juu ndipo penye upepo, na maji hayajawahi kuwa baridi kama mwaka huu. Kwa hiyo kila siku, saa tano mpaka saa kumi, chombo chenu kimekuwa kikipima hewa inayotoka kwenye gunia bichi, shubiri moja kutoka puani pake. Hakuna mkono uliokigusa. Hilo bado nalisimamia, ingawa sidhani kama nitalisimamia mbele ya kanisa zima.

Tulikwenda shambani sote watatu. Twila aliushusha mtungi, akakaa chini akifungua kisanduku cha tarakimu kilicho mguuni pa mnara. Tukangoja. Haikupita nusu saa, mkono wa juu ukaanza kupata joto na kukauka, na hesabu zikageuka. Shamba linatoka jasho, na linatoka vibaya. Twila hakucheka wala hakunikumbusha kwamba alitaka kupanda wiki mbili zilizopita. Afadhali angenikumbusha. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuulia mahindi kwa maji ya kunywa." Akasema, "Bado hayajafa, Baba. Twende kwa Jantz."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na majirani watano. Nilisimama uani kwa Orval na mtungi mkononi, nikamweleza yote bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauchukua mtungi, akanywa, akanywa tena, akapangusa mdomo. "Ni baridi kweli," akasema, akaingia ndani akafunga mlango. Baadaye tukielekea nyumbani alitupita na gari lake, na safari hii alininyanyulia kidole. Kwa vumbi lililokuwepo sikuona vizuri kilikuwa kidole kipi.

Nilitaka kuichana barua hii. Lavina amekataa. Anasema niliyoyaandika kwa kiburi niyapeleke kwa unyenyekevu, na pia karatasi nne zimeshatumika. Stempu nimeibandua kwa mvuke wa birika, ambao sasa nauheshimu sana, kwa kuwa Twila anakuletea barua hii mkononi. Amekuja na mtungi, uuone, na tarakimu za leo, ambazo ndizo za kweli. Yale yote niliyosema juu ya Bi. Nuss nayaondoa, isipokuwa lile la tabasamu.

Nakuomba umpe Twila mtu mwenye ufunguo, leo. Waanze na kisima cha Orval, wafuate wale wengine wanne, cha kwetu kiwe cha mwisho. Huo ndio utaratibu alioupanga Twila. Nilijaribu kumwambia kwamba ndevu zetu zimetangulia za Orval kwa siku mbili na kwamba kila saa ina maana. Akanijibu kwamba anajua, alizipanda yeye. Kwa hiyo lile neno langu la namba tatu, kwamba shamba hili mwenye kauli bado ni mimi, lifute kwa wino wowote ulio nao hapo mezani. Ukiwa na swali lolote juu ya mahindi hayo, yeye ndiye amesimama mbele yako.